Golikipa aliyezushiwa watoto 22

Ukiwa mkimya, watu watakusemea. Ndivyo alivyofanyiwa Georges Vézina, golikipa wa Montreal Canadiens, timu ya Canada ya mpira wa magongo wa barafuni, na mimi mpaka leo inaniudhi.

Bosi wa timu, Léo Dandurand, aliwaambia waandishi kwamba kipa wake hajui Kiingereza na ana watoto 22, wakiwemo mapacha watatu-watatu mara tatu, wote wamezaliwa ndani ya miaka tisa. Piga hesabu basi. Hao mapacha ni tisa, wanabaki 13. Mama wa watu kajifungua mara 16 kwa miaka tisa! Na watu waliamini, wakarudia kwa miaka mingi. Ukweli ni kwamba alikuwa na watoto wawili wa kiume. Wa pili alizaliwa usiku ule ule wa mwaka 1916 Canadiens walipotwaa Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa mchezo huo, kwa mara ya kwanza, baba akamwita Marcel Stanley. Kisa kizuri kama hicho kipo, wa nini tena uzushi?

Vézina alizaliwa mwaka 1887 Chicoutimi, mji wa Quebec, na huko huko alikuwa na karakana ya ngozi. Ujanani alidaka akiwa na viatu vyake vya kawaida. Vile vya kutelezea kwenye barafu alivaa akiwa mkubwa kidogo. Mwaka 1910 Canadiens walikwenda kucheza kirafiki na vijana wa mji. Wanaolipwa wakashindwa kumfunga hata bao moja. Desemba mwaka huo huo akawa wao.

Kudaka enzi hizo kulikuwa adhabu. Mpaka Januari 1918, kipa wa ligi hakuruhusiwa kupiga magoti wala kujitupa chini. Unasimama wima, uso wazi, fimbo mkononi, na kile kisahani kigumu kinachochezewa badala ya mpira kinakujia. Yeye hakuonyesha wasiwasi, wakambandika jina "Tango la Chicoutimi", maana Wazungu wakitaka kusifia utulivu humfananisha mtu na tango. Sisi ungemwita mtu tango, mngegombana.

Kinachosifiwa zaidi ni kwamba kwa miaka 15 hakukosa mechi hata moja. Wengi wanauita ushujaa. Mimi nikiifikiria ile mechi ya mwisho sifa zinanishinda. Ilikuwa tarehe 28 Novemba 1925, dhidi ya Pittsburgh. Mtu amekonda, ana homa kali, na bado amepangwa. Kipindi cha kwanza hakufungwa. Mapumziko akatapika damu. Akarudi golini. Akaanguka pale pale kwenye barafu.

Ilikuwa kifua kikuu, na dawa ya kukitibu ilikuwa bado haijapatikana. Alifariki Chicoutimi, Machi 1926, akiwa na miaka 39. Wakuu wa timu wakatoa kombe lenye jina lake, ambalo kipa bora wa NHL, ligi kuu ya mchezo huo Amerika Kaskazini, hupewa kila msimu hadi leo.