Ruzizi I, II, III, IV: nani atapima mto mzima?

Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, na kabla haujafika uwanda wa Uvira umekwisha kufungwa mara mbili kwa mabwawa ya umeme. Ruzizi I, pale Mururu, ilijengwa na Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1950. Ruzizi II ikafuata mwaka 1989, mali ya Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja. Ruzizi III imezungumzwa miaka na miaka, na Ruzizi IV bado ni mpango. Maji ni yaleyale, ila kila bwawa lina faili lake na wafadhili wake, na siku hizi kila jipya huja na tathmini yake ya athari kwa mazingira.

Sheria yetu ya mazingira, namba 11/009 ya Julai 9, 2011, inadai tathmini kabla ya mradi wowote unaoweza kudhuru mazingira. Lakini anayechora mpaka wa mradi ni mwenye mradi mwenyewe. Akitaka uwe mdogo, unakuwa mdogo.

Wanaotaka mabwawa yote ya mto yapimwe pamoja tangu mwanzo wana hoja moja ambayo sijaona ikijibiwa vizuri. Mtaalamu anayepima Ruzizi III anaanza na mto wa leo, ambao maji yake yanaachiliwa na kuzuiwa kufuatana na mitambo iliyo juu. Kama kuna samaki waliotoweka baada ya 1959 au 1989, yeye hawahesabu, maana siku aliyofika mtoni hawakuwapo. Udongo uliozuiliwa juu hauhesabu pia. Basi kila bwawa jipya linaonekana kuongeza madhara kidogo tu, na ripoti inaweza kulisema hilo bila kudanganya. Anayepokea jumla ya hayo madogo yote ni mkulima wa mpunga kule uwandani, na faili la bwawa moja halilazimiki kumtazama kama mtu aliye chini ya mabwawa manne.

Jambo hili halikuzaliwa kwetu. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya California ilisikiliza kesi ya Chuo Kikuu cha California, kilichotaka kuhamishia maabara zake kwenye jengo moja la San Francisco. Kilipima athari za sehemu ambayo kingeanza nayo, huku kikijua kwamba baadaye kingechukua jengo zima. Mahakama ilisema upanuzi unaotarajiwa kwa sababu za wazi, na unaoweza kubadilisha ukubwa au aina ya athari, upimwe sasa. Ila maabara hazikufungwa. Ziliendelea na kazi wakati tathmini ikirudiwa. Sehemu hii ya pili ya hukumu watetezi wa mazingira hupenda kuiruka.

Upande wa pili, wa wanaotaka kila bwawa lipimwe peke yake, haujasimama hewani. Ruzizi III ilitajwa zamani kuwa ya megawati 147, leo inatajwa 206. Mradi uliokaribia kujengwa umebadilika kiasi hicho. Atakayepima Ruzizi IV leo kwa undani atapima mchoro ambao mainjinia wataufuta. Halafu kuna gharama ya kungoja. Bukavu inapokosa umeme inapika kwa makala, yaani makaa ya miti, na sehemu ya makala hayo inatoka msitu wa Kahuzi-Biega. Miaka mitano ya kuongeza kurasa kwenye ripoti nayo inakata miti, tena hakuna anayeifanyia tathmini.

Pamoja na hayo, nasimama na wanaotaka mto upimwe mzima, kwa sharti moja: yapimwe mapema yale tu yanayojumlishwa, yaani maji yanayobaki mtoni, udongo, samaki na kilimo cha chini. Mambo ya barabara ya shantie (eneo la ujenzi) au familia zitakazohamishwa yangoje hatua yake. Sheria ya 2011 inaruhusu hilo, kwani inadai tathmini hata kwa mipango na programu za serikali. Na kumlipisha mwekezaji wa Ruzizi III uchunguzi wa Ruzizi IV si haki. Zilipe serikali tatu.

(Taka za plastiki zinazoteremka kutoka vilima vyetu na kukwamisha mitambo ya Ruzizi I hazimo kwenye faili lolote. Nyumba zilijengwa moja moja, parsele (kiwanja) ikakatwa vipande, na hakuna kipande kilichokuwa kikubwa kiasi cha kuitwa mradi.)

Nani aisimamie kazi hiyo ya kupima mto mzima? Kwenye karatasi kuna ABAKIR, mamlaka ya bonde la Ziwa Kivu na mto Ruzizi, inayounganisha nchi tatu. Lakini waasi wa M23 waliingia Bukavu Februari 2025, na Kinshasa inaishutumu Kigali kuwa nyuma yao. Shirika la mazingira la taifa, ACE, liko Kinshasa, wakati uchunguzi wa hadhara ambao sheria inautaka unapaswa kufanyika kwa watu wa huku. Mfadhili anayetaka saini zote tatu atazipata labda kwa faili la bwawa moja. Kwa mto mzima, leo sioni meza ambayo watatu hao wataikalia.