Jenereta Ibaki na Kazi ya Kuchomelea Tu

Pita kwenye saiti za ujenzi za Buswelu au Buhongwa, hapa Mwanza, saa nne asubuhi. Jenereta ya KVA 20 inanguruma, na kinachotumia umeme wake ni pampu moja ya maji, grainda inayowashwa dakika mbili ikazimwa, na simu za mafundi kwenye ekstensheni. Mzigo huo haufiki robo ya uwezo wake, lakini inakunywa karibu lita 2 za dizeli kila saa. Tena injini isiyobebeshwa mzigo haipati joto la kutosha: mafuta hayaungui yote, masizi yanajaa kwenye ekzosi na nozeli. Mzigo huu mdogo wa kutwa nzima ndio wa kuipa sola kwanza.

Kabla ya kununua chochote, funga mita kwenye jenereta wiki nzima, uandike mzigo kila saa. Mkandarasi anayeruka hatua hii ananunua kwa kubahatisha. Paneli 10 za wati 550, kwa jua la Mwanza, zinatoa uniti 20 hivi siku ikiwa nzuri. Weka inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa sola na betri kuwa wa kawaida) ya kilowati 8 na betri ya lithiamu ya volti 48, Ah 200, inayotunza uniti 10 hivi. Pampu, drili, vaibreta ya kushindilia zege na taa za mlinzi zinakwenda. Mashine kubwa ya kuchomelea iachie jenereta.

Anayeahidi kuondoa jenereta siku ya kwanza anatuharibia soko sote tunaofunga sola. Mota inapoanza kuzunguka huvuta hata mara 6 ya umeme wake wa kawaida; pampu na vaibreta zikiwashwa pamoja, inveta inakata, na zege linashika kabla halijashindiliwa. Washa kimoja kimoja.

Halafu kuna ya hapa kwetu. Vumbi la saruji likikutana na umande huganda kwenye kioo kama plasta, kwa hiyo paneli zioshwe kila alfajiri, si Jumamosi kwa Jumamosi. Wadudu wa ziwani hufuata taa usiku na kuziba feni za inveta: ikae mbali na taa, nyuma ya wavu wa mbu.

Kinachonitia hofu zaidi ni athi, yaani njia ya kupeleka umeme wa hitilafu au wa radi ardhini. Kwenye mawe yetu fimbo ya athi haishuki, na mafundi wengi huikata na kuifukia kipande. Chimba mtaro penye udongo wenye unyevu, laza waya mtupu wa shaba, uunganishe na fimbo mbili tatu, kisha upime kwa mita ya athi. Radi za ziwa hili ni nyingi, na kinga ya inveta bila athi haina pa kuutupa umeme.