Kifaru Kiganjani, Kifodi cha Kilombero

Mliopata voisi ya jamaa yangu kuhusu mkono wangu, sikilizeni mcheke, halafu mfute. Sikulia. Sikupelekwa hospitali. Na kilichoning'ang'ania mkononi si "gari la mtoto". Ni Rhino, kifaru cha kubebea askari kwenye Warhammer 40,000, mchezo wa Waingereza ulioanza 1987, wenye vita vinavyopiganwa miaka elfu 38 kutoka sasa. Heshima kidogo.

Kifaru hicho huja vipande vipande kwenye fremu za plastiki. Unakata kwa koleo, unapiga msasa, unaunga. Gundi yake halali huyeyusha plastiki kidogo ili vipande vishikane viwe kitu kimoja. Yangu ilikuwa imekaukia chupani, nikachukua supagluu ya dukani. Sasa supagluu hukazwa na unyevu, na viganja vyangu hutoka jasho hata Julai, baridi ya Arusha ikiwa imekolea. Nikabana mnyororo wa magurudumu wa upande wa kulia huku nikihesabu hadi thelathini. Kufika thelathini, nami nikawa sehemu ya mnyororo.

Dada wa jirani akasema saluni za Ngarenaro hazikosi asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, nayo hulegeza supagluu. Tukadandia kifodi, daladala dogo, cha Kilombero pale Sakina.

Hapa twende polepole, maana ndipo voisi inapotia chumvi. Konda ananigonga bega, nauli. Hela iko mfuko wa kulia wa jinzi. Mkono wa kulia una kifaru. Wa kushoto umebanwa na dirisha, haufiki. (Mnauliza kwa nini jamaa hakunilipia? Alikuwa anarekodi.) Kulia kwangu kakaa bibi wa heshima zake, kitenge na kilemba, ndoo ya parachichi mapajani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Samahani bibi, naomba unitolee hela mfukoni."

Kimya. Akautazama mfuko. Akanitazama usoni. Akahamisha ndoo paja hili kwenda paja lile. Ikabidi niinue mkono aone sababu, na kile kibunduki cha juu ya kifaru kikamwelekea katikati ya macho.

"Yesu wangu!"

Siti za nyuma zote zikachungulia. Konda akasogea.

"We chalii, hicho nini?"

"Kifaru."

"Kinashukia wapi?"

Watu walicheka mpaka dereva akapunguza mwendo asipitwe na stori. Bibi akafumba macho, akaingiza vidole viwili. Kikatoka kipande cha msasa. Ikatoka leso. Ukatoka mguu wa askari wa plastiki, akaugeuzageuza kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Noti ikaja mwisho kabisa, na akaikabidhi kwa konda bila kunitazama tena hadi tukashuka Kilombero.

Saluni nikanasuliwa chapchap. Ila asetoni haichagui: plastiki ile ni polistirini, nayo ikaliwa. Ubavu mzima ukalegea kama kandambili iliyosahaulika karibu na jiko. Wakanitoza bei ya kucha zote kumi, eti mkono ni mkono.

Nyumbani nikapuliza praima (rangi ya msingi) nyeusi, nikapaka kahawia ya kutu, nikadonoadonoa rangi ya fedha kwenye kingo kwa sifongo. Ukikiona sasa utasema kimetoka vitani, kimechomwa na silaha ya moto. Jamaa kaona picha, ananiuliza ule ubavu nimeufanyaje, anataka na chake kiwe hivyohivyo.

Afute voisi kwanza.