Papunya Haikuanza na Mwalimu

Wiki iliyopita rafiki yangu aliyetoka safarini aliniletea kitambaa cha kufutia vyombo, kimejaa vitone vya rangi ya udongo mwekundu, manjano na nyeupe vinavyozunguka duara baada ya duara. Lebo yake ilisema kwamba hiyo ni sanaa ya kale ya jangwa la Australia, bila kutaja mchoraji wala kijiji. Nikaenda kutafuta chimbuko lake, na kila nilipofungua nikakutana na hadithi ileile: mwaka 1971 mwalimu Mzungu alifika Papunya, kijiji cha jangwani, akawapa wazee rangi, na sanaa ikazaliwa. Hadithi hii imenichosha.

Papunya, iliyo takribani kilomita 240 kaskazini magharibi mwa Alice Springs, ilianzishwa na serikali mwaka 1959, baada ya maji ya Haasts Bluff, makazi yaliyotangulia, kuonekana hayatoshi. Wapintupi, Waluritja, Wawarlpiri, Waanmatyerr na Waarrernte, jamii za wenyeji wa asili wa jangwa hilo, walirundikwa hapo ili wafundishwe kuishi kama Wazungu. Watu wazima waliojua kupata maji mahali ambapo mimi na wewe tusingemaliza siku tatu walipangwa foleni bwaloni kusubiri sahani. Huko huko, mwaka huohuo wa 1959, ndiko alikotumikia kifungo chake Albert Namatjira, mchoraji mashuhuri, naye mwenyeji wa asili, aliyepewa uraia na hivyo ruhusa ya kununua pombe, kisha akahukumiwa kwa kuwagawia jamaa zake ambao hawakuwa na uraia huo. Ukarimu wa ajabu kweli!

Sasa turudi kwa mwalimu. Nakiri, kwa shingo upande, kwamba Geoffrey Bardon aliwatafutia wazee hao rangi na mbao, akaandika maelezo ya michoro yao, na akaondoka mwaka 1972 afya yake ikiwa imevunjika. Hata hivyo, Kaapa Tjampitjinpa, mmoja wa wachoraji hao, alikuwa akichora kabla mwalimu hajashusha mizigo yake, na mwezi Agosti 1971 kazi yake iligawana nafasi ya kwanza katika shindano la sanaa mjini Alice Springs. Wachoraji walipochora picha kwenye ukuta wa shule, sisimizi wa asali (wale wanaohifadhi utamu tumboni) mwanzoni walichorwa na vichwa na miguu, kama wale wa vitabuni. Bardon alipouliza kama hao ni sisimizi wa Kizungu, wachoraji wakawafuta na kuchora upya kwa alama zao wenyewe, kwa sababu kilima cha Warumpi kilicho karibu ni mahali patakatifu pa sisimizi hao katika simulizi la jadi, na wenye haki ya simulizi hilo walikuwapo, wakaridhia. Idhini hiyo haikuwa ya mwalimu kuitoa. Alama ambazo mtu huzirithi kwa ukoo, akazichora mchangani na mwilini wakati wa ibada, zinawezaje kuhesabiwa kuwa zimezaliwa siku kopo la rangi lilipofunguliwa? Mwaka 1974 ukuta huo ukapakwa rangi juu yake, kana kwamba picha ile ilikuwa doa la mafuta.

Dola nazo zina hadithi yake. Mchoro wa Clifford Possum Tjapaltjarri uitwao Warlugulong, wa mwaka 1977, ulinunuliwa na benki kwa dola 1,200 za Australia, ukatundikwa kwenye mkahawa wa wafanyakazi; mwaka 2007, mchoraji akiwa ameshafariki, Makumbusho ya Sanaa ya Taifa yaliununua kwa dola milioni 2.4. Sheria ya kumpa msanii asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena ilianza kutumika mwaka 2010. Afadhali kuchelewa, nadhani.

Ninachokipenda mimi ni sehemu ambayo hadithi ya mwalimu huiruka. Mwaka 1981 Wapintupi walianza kufungasha na kurudi magharibi katika nchi yao, wakajenga kijiji cha Kintore. Kampuni ya Papunya Tula, ambayo wachoraji wenyewe waliianzisha mwaka 1972, iliwafuata huko. Figo za watu zilipoanza kushindwa, na matibabu yakawa Alice Springs, mbali na makaburi ya wazazi wao, walichora tena: mnada wa mwaka 2000 ulikusanya zaidi ya dola milioni moja, na miaka michache baadaye mashine za kusafishia damu zikawa zinafanya kazi Kintore.