Lutz Templin: ustadi unamtetea au unamshtaki?

Lutz Templin, mpiga saksafoni na mpangaji wa muziki aliyezaliwa Düsseldorf mwaka 1901, si mtu rahisi kumhukumu. Mwaka 1935 redio ya Ujerumani ya Wanazi ilipiga marufuku jazi kwa madai kwamba ni muziki wa Weusi na Wayahudi. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, Templin huyo akawa anaongoza bendi iliyopiga muziki uleule kwa fedha za wizara ya propaganda ya Joseph Goebbels, ukirushwa hewani kuelekea Uingereza na Marekani kwa jina la Charlie and His Orchestra. Mwimbaji wake, Karl Schwedler, aliimba kwanza ubeti wa asili kwa Kiingereza, kisha akaingiza maneno mapya ya kumkejeli Churchill na Roosevelt na kuwatukana Wayahudi.

Wanaomtetea husema kwamba maneno hayakuwa yake, na kwamba kazi ile iliwaepusha wapigaji wake na uwanja wa vita. Hoja hiyo ina uzito. Baadhi yao walitoka Italia, Ubelgiji na Uholanzi, na si haki sisi tuliokaa salama kuwadai ushujaa ambao hatujawahi kudaiwa.

Lakini utetezi wa pili, kwamba Templin aliihifadhi jazi isife, haunishawishi. Januari 1942 Heinrich Himmler, mkuu wa kikosi cha SS cha Wanazi, aliagiza viongozi wa vijana wa Hamburg waliopenda swingi, yaani jazi ya kuchezea dansi, wapelekwe kwenye kambi za mateso. Kilichokuwa kosa kwa kijana wa Hamburg kilikuwa ajira kwa Templin, na tofauti pekee ilikuwa nani ananufaika. Isitoshe, samaki hamezi ndoana tupu: msikilizaji wa London asingevumilia matusi yale kama bendi ingekuwa mbovu. Chambo kilikuwa upangaji wa ala, yaani kazi ambayo Templin na wenzake waliimudu vizuri kuliko wengi.

Mwaka 1943, mabomu yalipozidi Berlin, bendi ilihamishiwa Stuttgart. Vita vilipokwisha aliendelea na muziki, akafariki mwaka 1973. Rekodi zimebaki, na nakiri kwamba zinavutia. Schwedler anapoacha ubeti wa asili na kuanza kejeli zake, saksafoni nyuma yake haziyumbi hata kidogo.