Fataki Tatu na Khanga Moja

Babu yangu kule Urambo alikuwa na gobore, na akianza kulishindilia humsemeshi. Ukimwamkia haitikii. Anamimina baruti, anatumbukiza risasi, anasukuma kwa mdeki, midomo kaibana kama mtu aliyejaza maji kinywani. Sisi wajukuu tulisema ni ukali wa uzee.

Mimi sasa naishi Indiana, Marekani. Jimbo hili lina kijiji kiitwacho Friendship, ambako wapenda magobore wa nchi nzima hukusanyika kulenga shabaha. Nilipoona wazee wa Kizungu wakishindilia bunduki kama ya babu, damu ikanisisimka, nikaagiza langu. Lilikuja kwa posta, kama shati.

Risasi nikaamua kusubu mwenyewe. Kiswahili kilikuwa bahili hapa: risasi ni madini, na risasi ndiyo inayotoka bundukini, kwa hiyo nilikuwa nayeyusha risasi ili nipate risasi. Mke wangu akanitoa nje ya nyumba na jiko langu. Ikifika nyuzi 327 risasi huyeyuka ikang'aa kama zebaki, na hapo hata jasho lichunge, maana tone la maji likizama humo chungu kinakurukia usoni. Kalibu yangu ilikuwa bado baridi, basi ishirini za mwanzo zikatoka na makunyanzi kama tende. Nikazirudisha chunguni. Zilizofuata zilikuwa safi: milimita 12.4 kwa mtutu wa 12.7. Pengo linalobaki huzibwa na kitambaa cha pamba kilicholowanishwa mate. Hicho ndicho kinachoshika mifuo ya ndani ya mtutu na kuizungusha risasi. Pamba safi nilipata kabatini. Hilo tuliache kwanza.

Jumamosi nikaenda uwanjani. Nikawakuta wazee watano, ndevu hadi kifuani. Mmoja akaniuliza nimejifunzia wapi mambo haya.

Sasa, humuulizi mtu wa Urambo habari za gobore ukatarajia jibu fupi. Nikapima baruti, greni 70, kama gramu nne na nusu, nikakiweka kipimo mezani ili mikono ipate nafasi ya kusimulia. Nikamweleza babu. Nikaeleza gumegume, ile ya jiwe, iliyotangulia hizi za fataki, yaani kikofia kidogo kinachogongwa ili kiwashe baruti. Nikafika kwa mtemi Mirambo na rugaruga, askari wake, walioitikisa njia ya pembe karne ya 19, na hapo nilikuwa nimeshaweka kitambaa na risasi, nashindilia kwa mbwembwe, mdeki unadunda. Nikachomeka fataki. Nikalenga.

Ta!

Fataki imealika, gobore kimya. Kanuni yake hushushi bunduki, kwa kuwa moto huenda unatambaa ndani. Nikasimama nimelenga dakika nzima, mkono unatetemeka, wazee nyuma wamebana pumzi. Fataki ya pili. Ta! Dakika nyingine. Ya tatu. Ta!

"Kijana," akasema yule mzee (nina miaka 46), "na hiki je?"

Kilikuwa kipimo changu, pale pale mezani, baruti imejaa hadi ukingoni.

Wakaniambia hakuna ambaye hayajamkuta, kwa sauti ile anayoambiwa bibi harusi aliyejikwaa ukumbini. Dawa yake ni kufungua kichuchu kinachokaliwa na fataki, kupenyeza baruti kidogo kwa tundu lile, kukirudisha, kuihakikisha risasi imekaa chini kabisa, kisha kufyatua. Mimi kwa woga nilipenyeza kidogo cha kidogo.

Puf.

Moshi wa ubani wa wageni wawili. Risasi ikatoka kama mtoto anayetumwa dukani kukopa, ikaanguka hatua kumi mbele yangu. Kitambaa kikaifuata taratibu.

Upigaji uliposimamishwa ili watu wakatazame shabaha zao, mimi nilikwenda kutazama majani. Mzee akanitangulia, akaokota kitambaa, akakigeuza.

"Kimeandikwa 'SI'. Maana yake nini?"

"Inategemea na kinachofuata," nikamjibu.

Risasi nyingine kumi na nne ziliipata karatasi, lakini nani anauliza hizo?

Jioni nikawa bafuni nasafisha mtutu. Baruti nyeusi huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, na kiberiti kilichomo hutoa harufu ya yai viza. Mke wangu akasimama mlangoni, pua kaiziba.

"Baba Neema, umeua nini?"

"Majani."

Hakucheka. Alikuwa anatazama kando ya sinki, nilipokuwa nimekianika kile kitambaa kwa ukumbusho. Akakichukua, akazisoma zile herufi mbili. Mama yake alimpa khanga moja tu siku anaondoka Dar, imeandikwa JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.

Akatoka bila neno. Nikasikia mlango wa kabati ukifunguliwa.