Afisa wa afya akija kibandani anatafuta nini hasa?

Kila ikisikika kipindupindu huwa ni yaleyale, vibanda vya chakula vinafungwa, wa juisi ya miwa wanafukuzwa, kanjo (askari wa kaunti) na watu wa afya wanapita Mwembe Tayari na Kongowea hapa Mombasa kama wanasaka wezi, wiki mbili tatu hivi halafu kimya mpaka ugonjwa urudi tena. Wenye vibanda wanalia wanaonewa, wateja wengine wanasema bora wafungiwe tu. Mi naona wote wana haki ila wanagombania kitu sicho.

Tuanze na serikali maana ndiyo hutukanwa sana. Kukagua chakula si ubabe wa mtu, katiba ya 2010 imewapa kaunti kazi ya kutoa leseni na kusimamia wanaouza chakula. Na joto la Mombasa usilichezee jamani. Wali ukipikwa asubuhi ukaachwa vuguvugu mpaka jioni, kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa moto wa kupikia, zinaamka humo ndani na kutoa sumu, na sumu hiyo hata uupashe vipi haitoki. Jodari naye akikaa juani bila barafu anajaa histamini, ukimla unawashwa mwili mzima unadhani umerogwa. Sasa hayo mteja atayajuaje? Pengine hata harufu hakuna.

Lakini afisa akifika, swali la kwanza ni cheti! Kile cha kupimwa afya, cha miezi 6. Haya, dada wa viazi karai kapimwa choo Januari yuko sawa, Februari kanywa maji ya kisima kilichopakana na choo akashikwa na taifodi, na cheti bado kinamruhusu kuuza. Na hapo hapo chini ya meza beseni ni moja tu, sahani zote zinatumbukizwa humohumo, maji yashafanya utando wa mafuta na vipande vya pilipili vinaelea, hakuna anayeinama kuyaangalia. Ukimuuliza mbona hayabadilishi atakwambia mtungi wa lita 20 ananunua kwa wa mkokoteni, na mifereji ikikauka bei inapanda, na mifereji ya huku kukauka ni kawaida yake, maji yenyewe yanatoka mbali, Mzima na Baricho huko. Kusambaza maji nako ni kazi ya kaunti hiyohiyo inayomfungia. (Habari ya chai ya kupitishwa chini ya meza siigusi, kila mtu anaijua.)

Lakini dada simtetei kabisa, beseni lile linaua. Nachosema cheti kinapima mtu siku moja, beseni linatumika kila siku, basi akaguliwe beseni.

Uingereza, ukiacha Scotland, kila mkahawa unapewa alama ya usafi 0 mpaka 5, na kule Wales ni lazima uibandike mahali mteja ataiona kabla hajaingia. Kuna watakaosema hiyo huku itawamaliza wadogo, na ni kweli, kibanda kisicho na mfereji kitapata sifuri hata mwenyewe awe msafi vipi. Mi ningeanza na mahoteli yenye maji na friji na wapishi wa harusi, manake pilau la sufuria moja likiharibika wanaugua ukumbi mzima, na hao leseni zao ziko sawa kila mwaka.